Salumu Kondo na Mgonjwa wa Mtungini

Siku hizi mtu akifa hapa Bagamoyo, kaburi lake huchimbwa na yeyote aliye karibu. Vijana huja na sepetu, huchimba huku wakivuta sigara na kubishana juu ya mpira, na kile chumba cha mwanandani ambamo maiti hulazwa hukikata kifinyu upande mmoja na kipana upande wa pili, kama mdomo wa mfuko. Kisha juu hutiwa saruji, jina likaandikwa, watu wakasema marehemu amezikwa vizuri. Nimelisema sana jambo hili na nimechoka kuitwa mzee mgomvi. Leo nitaeleza habari za Salumu Kondo tu. Wengi wa sasa hawamjui, na waliosikia jina lake wanajua jambo moja, kwamba alifuga buibui.

Salumu alizaliwa Dunda wakati wa Wajerumani. Baba yake alikuwa Mkwere kutoka upande wa Msata, mama yake mtu wa mji. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Alijua udongo kama mwanamke wa pwani anavyojua nazi, akiugonga kwa jembe mara moja husema kama chini kuna maji matamu au ya chumvi, na sikumbuki akikosea zaidi ya mara mbili. Lakini watu walimheshimu zaidi kwa mwanandani. Kila msiba uliotokea mjini aliitwa, na hakuna aliyewahi kumpa hata pesa moja kwa kazi hiyo, wala asingepokea. Alikata ufito wa urefu wa marehemu, akashuka nao kaburini, akakata ubavuni mwa kaburi chumba kilichonyooka kama sanduku. Alipomaliza alilala humo yeye mwenyewe kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla, akatulia kidogo. Bega likigusa udongo alitoka, akachukua kijembe, akapunguza. Watu walizoea kusimama juu wakiiona miguu yake tu. Utani wa mji ulikuwa kwamba Salumu amelala makaburini mara nyingi kuliko maiti wote.

Mkewe alikuwa Mwanabaraka, na hawakujaliwa mtoto. Mwanabaraka alifariki mwaka 1946, baada ya masika, kwa homa iliyomkalia muda mrefu. Watu walimwambia Salumu akae na wafiwa, wengine wachimbe. Akauliza, "Nani atakayemkatia mwanandani? Wewe?" Jibu lilijulikana. Salumu akachukua ufito na jembe akaenda.

Alikuwa amekata nusu ya kile chumba udongo ulipoporomoka na tundu likafunuka, tundu lililozungushiwa utando mweupe. Humo akatoka buibui mkubwa, wa rangi ya kutu, mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mtu mzima. Hakukimbia. Aliinua miguu ya mbele juu na kufunua meno. Rajabu, jirani aliyekuwa akizoa udongo, akainua jembe.

"Shusha jembe," Salumu akasema.

"Ataniuma huyu."

"Amekuuma? Wewe ukibomolewa nyumba utakaa kimya?"

Hapo nieleze kwa vijana. Sisi wa pwani tulikatazwa na wazee kuua buibui, kwa ajili ya yule aliyetanda utando mdomoni mwa pango Mtume alipojificha. Leo mtoto humponda buibui kwa kiatu mbele ya baba yake na baba hana habari. Rajabu alishusha jembe, kwani alilelewa. Lakini Salumu alikwenda mbele zaidi. Alimkokota yule mdudu kwa kijembe mpaka ndani ya kikapu, akakifunika, kisha akasema naye kama unavyosema na mpangaji uliyemhamisha. Rajabu ndiye aliyetuhadithia maneno yale.

"Nimeichukua nyumba yako, mke wangu ataikaa. Nitakupa nyingine, na hutakufa mikononi mwangu."

Baada ya hapo akamaliza kazi yake, akalala mle ndani kwa muda mrefu kuliko desturi yake, akatoka, na Mwanabaraka akazikwa.

Nyumba mpya ya buibui ilikuwa mtungi uliovunjika shingo. Salumu aliujaza nusu kwa udongo mwekundu alioutoa kando ya kisima chake, si makaburini, maana alijua watu wangesema anafanya uchawi. Akaushindilia, akatoboa shimo kwa mpini, akamtia mdudu na kufunika kwa kawa kuukuu. Maji alimwekea katika ganda la chaza. Siku ya tatu mdomo wa shimo ulikuwa umeshatandwa utando mweupe, naye Salumu akafurahi, mara ya kwanza tangu msiba.

Dada yake hakufurahi. Fatu alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Kila siku maji yakipwa alikwenda na wenzake kutanda uduvi kwa kitambaa, na kuopoa kaa kwenye mikoko upande wa Nunge. Tangu msiba ndiye aliyempikia ndugu yake.

"Mke amekufa hata arobaini haijatimia," alisema, "na wewe umekwisha oa."

Jina likashika. Mji mzima ukamwita yule buibui Bi Mdogo. Mtu akipita barazani alasiri, baada ya kumpa Salumu salamu zake zote, huuliza, "Na Bi Mdogo hajambo?" Salumu hujibu bila kucheka, "Hajambo, anawasalimu." Sijui leo ungemfanyia nani utani wa namna hiyo asikushitaki.

Hakumshika hata siku moja. Alikaa tu barazani na mtungi pembeni yake, akamtupia nyenje au panzi, kisha akangoja. Ukingojea vizuri unaona kwanza ncha za miguu miwili kwenye mdomo wa shimo, halafu nyenje hayupo. Mtu mmoja alipomwona buibui ameinua miguu akasema, "Anaomba dua." Salumu akasema, "Anakutukana." Nilikuwa jirani yake nami nilikaa sana pale, na nasema kweli kwamba ile baraza haikuwa na huzuni. Mtu aliyefiwa akiwa na kiumbe cha kulisha, siku yake ina mahali pa kuanzia.

Mwaka wa tatu buibui akaugua.

Ilianza katikati ya Shabani. Nyenje alitupwa jioni, asubuhi bado yupo, anatembea juu ya utando kama mtu aliyekuja kukodi chumba. Ramadhani ikaingia na Bi Mdogo hali. Watu wakacheka. "Amefunga," wakasema, "tena hafuturu, amewapita hata walimu." Idi ikaja, Salumu akamwekea panzi mnono, hakuguswa. "Anafunga sita," wakasema, wakimaanisha zile siku sita za sunna. Sita zikapita. Hapo waliokuwa wakicheka waliona uso wa Salumu wakaacha. Mgongo wa yule mdudu, pale nyuma paliponyonyoka manyoya, ulikuwa umegeuka mweusi kama jipu. Alikuwa ameuziba mdomo wa shimo kwa utando mzito na hatoki.

Salumu akaacha kazi. Watu wa Kaole walimtaka awachimbie kisima, akawaambia ana mgonjwa. Walipouliza ni nani, alisema ni mtu wa nyumbani. Alikuwa ametoa ahadi mbele ya kaburi lililo wazi, na kwa watu wa wakati ule ahadi ya namna hiyo haikuwa na njia ya nyuma.

Kwanza alikwenda kwa Mwalimu Abdala, aliyesomesha watoto chuoni na kuandika kombe, ile dawa ya aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani na kuoshwa kwa marashi ili mgonjwa anywe.

"Kombe naandikia watu," Mwalimu alisema. "Ng'ombe wa Mhindi nilimwandikia mara moja, akapona. Mdudu bado."

"Lakini buibui ana heshima yake, Mwalimu."

"Yule wa pangoni alifanya kazi, Salumu. Wako kazi yake kula mende, na hiyo nayo ameacha."

Hata hivyo Mwalimu hakumrudisha mikono mitupu. Alisema kukiombea kiumbe afya si haramu, akainua mikono, akaomba, Salumu akaitikia amina.

Kesho yake akaenda zahanati ya serikali, akakaa kwenye foleni tangu asubuhi. Dresa, mtoa dawa wa pale, alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu siku za misafara.

"Shikamoo mzee. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Mimi mzima. Nina mgonjwa nyumbani."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Sijui."

Dresa akainua kichwa. "Hujui?"

"Hali chakula karibu miezi miwili."

"Maji je?"

"Kidogo."

"Ana homa?"

"Sijamgusa. Anauma."

"Mzee, mgonjwa wako anauma watu?"

"Ana miguu minane, asiume kwa nini?"

Foleni yote ikacheka, na dresa akaweka kalamu chini. "Babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora hadi hapa," akasema, "wakidhani wanakuja kwenye mji wenye watu wa akili."

"Na waliporudi walikusahau wewe," Salumu akamjibu.

Dresa akacheka mpaka akafuta macho. Akasema kwinini anayo, lakini mgonjwa wa uzito ule hajui kumpimia, na akamshauri amjaribu kwa chakula kingine. Salumu akarudi nyumbani akatafuta mende watatu wakubwa, wazima, akawatia mtungini. Alidhani mgonjwa akiwaona wakipita karibu atatamani.

Ilipofika Ijumaa ya tatu ya Mfungo Mosi, mwezi ule ule wa Idi, jua limekwisha panda, Salumu alifunua kawa akakuta buibui ametoka shimoni. Alikuwa amelala chali juu ya utando mweupe, miguu yote minane juu.

Salumu alikuwa amekaa na wanaokufa mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini asiyekuwa mwalimu. Alijua yampasayo mtu aliye katika sakarati: hutiwa maji kidogo mdomoni, hulazwa kwa ubavu wa kulia, huelekezwa kibla, watu hushusha sauti. Alijua vilevile kwamba mdudu hasaliwi. Lakini mikono ya mtu aliyeifanya kazi moja miaka thelathini haingoji kuulizwa. Alinawa, akachovya pamba katika maji, akachonga kijiti bapa cha kumgeuzia. Kijiti kilikuwa kimeshaingia mtungini Fatu alipopiga hodi na kapu la uduvi kichwani.

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Pamba ya nini hiyo?"

"Yumo katika kukata roho. Nataka nimgeuze kwa kulia. Asife chali kama mende."

Fatu akatua kapu, akainama juu ya mtungi. Miaka mitatu hakuwa ametazama mle ndani kwa hiari yake. Alitazama sana.

"Ondoa mkono," akasema.

"Dada, anakufa."

"Nimesema ondoa mkono. Umepata kumwona kaa?"

"Kaa nimemla maisha yangu yote."

"Kumla umemla. Umemwona? Kaa akitaka kujivua gamba huacha kula. Hujificha, rangi yake huwa mbaya, ukimwona utasema ameoza. Halafu gamba hupasuka akatoka kwa kinyumenyume, laini, hata mtoto humtoboa kwa kidole. Ukimsaidia kutoka, miguu inabaki ndani ya gamba." Akaonyesha kwa kidole bila kugusa. "Tazama hapa ubavuni. Si ufa huu?"

Salumu akatazama. Palikuwa na ufa mwembamba kama uzi.

"Tena mdudu aliyekufa hukunja miguu kama ngumi," Fatu akaendelea. "Huyu ameitandaza. Na anayekufa hatandiki kitanda kwanza. Utando huu mpya ametandika lini?"

"Jana haukuwapo."

"Basi. Na hawa mende je?"

"Nilitaka kumtamanisha."

"Watakaotamani ni wao. Akitoka humo atakuwa kama uji, watamla angali hai." Akaingiza vidole, akawakamata mende mmoja baada ya mwingine, akawaponda kwa kisigino uani. Mkono wake haukumgusa mgonjwa hata kidogo. Vidole vya mtu wa kuopoa kaa vinajua kupita pembeni.

Salumu akakaa chini kando ya mtungi.

"Wewe nenda msikitini," Fatu akasema.

"Leo nitakaa hapa."

"Ijumaa? Ukikaa hapa utamgusa. Nakujua mimi. Ulikuwa ukipasua mayai ya kuku wa mama uone kama vifaranga wamekaribia."

"Nilikuwa mtoto."

"Na kijiti hicho mkononi?"

Akakiacha. Nilimpitia twende pamoja. Msikitini alikaa karibu na mlango, mahali asipokaa kamwe, na baada ya hotuba aliitikia amina wenzake wamekwisha maliza. Iliposaliwa akaondoka bila kupeana mikono na watu. Waliona, na wachache walinong'ona. Wakati ule mtu akipita bila salamu ilikuwa habari. Leo ukisalimiwa ndiyo habari.

Nilimfuata. Fatu alikuwa uani kivulini, mtungi katikati ya miguu yake, anatoa takataka kwenye uduvi kama mtu asiyekuwa na shughuli nyingine.

"Dada?"

"Funua mwenyewe."

Salumu alifunua, akainama, akasema, "Wako wawili."

"Mmoja mtupu."

Ilikuwa kweli. Lile gamba lilikuwa limelala pale zima, na miguu yake yote na manyoya yake yote mpaka kucha, limefunuka juu kama sanduku lililoachwa wazi. Kando yake alikuwa Bi Mdogo, mkubwa kuliko alivyokuwa, rangi yake changa kama muwa uliomenywa, na meno yaliyokuwa meusi sasa meupe. Miguu ilikuwa ikitetemeka. Salumu aliihesabu kwa sauti. Alipofika minane akaanza tena kutoka mwanzo, na safari ya pili ikatimia vilevile.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima. Mwache akauke."

"Atakula lini?"

"Akipata meno ya kulia. Wewe ulizaliwa ukaomba pilau?"

Hapo Salumu akacheka, na kicheko chake kilikuwa na maji ndani, lakini dada yake akajifanya anatafuta kitu kapuni. Mimi nikatazama ukutani. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, kumwachia mtu uso wake.

Mchana ule tulikula wali na uduvi wa nazi pale pale uani, sote watatu. Fatu alitusimulia namna nane za kumjua kaa aliyekaribia kujivua, mambo ambayo sisi wanaume wa mji, wenye kujua visima na vitabu, hatukuwahi kumuuliza mwanamke yeyote. Sasa wanawake wa kutanda uduvi wamebaki wachache, na binti zao wanataka kushona kwa cherehani. Wakiondoka wataondoka na namna zote nane, maana mimi nimekumbuka tano.

Salumu hakumtupia kitu siku kumi na moja, kwa amri ya dada. Siku ya kumi na mbili alasiri alileta nyenje mmoja mdogo, akamtia, akangoja huku ameshika ukingo wa mtungi kwa mikono miwili. Barazani tulikuwa wanne. Ncha mbili za miguu zikatokeza mdomoni mwa shimo. Nyenje akapiga hatua, na hakupiga ya pili.

"Amekula," Salumu akasema, polepole, kama anayetoa taarifa ya mwezi kuandama. Mmoja wetu akasema sasa Bi Mdogo amefuturu, na Salumu akaagiza kahawa kwa wote.

Wiki ile ile alikwenda Kaole kuwachimbia watu kisima chao, kwani hakuwa tena na mgonjwa wa kumkalia. Alikaa huko siku tisa, na mtungi akamwachia Fatu. Fatu alilalamika mpaka njia panda. Alisema yeye si yaya wa wadudu, na kwamba atamtupia mende akikumbuka, asipokumbuka basi. Lakini mimi nyumba yangu inatazamana na uwanja wao. Kila jioni nilimwona mwanamke yule amepiga magoti kwenye majani, anakamata nyenje, anamwinua mmoja na kumtazama, anamwachia kwa kuwa mwembamba, kisha anatafuta mwingine.